Barafu ya Sangara Juu ya Dari

Jamani, leo sura sina. Imedondoka sebuleni pamoja na dari.

Kwanza mjueni mama mkwe wangu. Anaishi Mwadui. Juzi kaja hapa Kagongwa kwa jambo moja tu: kumchukua mke wangu Kabula akajifungulie kwao. Anasema nyumba yangu ni tanuru la matofali, mjukuu atazaliwa ameshaiva! (Simbishii sana. Mwezi wa kumi kuku wangu hutaga mayai ya kuchemsha.)

Mie sitaki Kabula aondoke. Nikiwa duarani, kule chini shimoni tunakochimba dhahabu, kinachonipandisha juu jioni ni kujua kwamba nikirudi nyumbani yupo. Ndiyo hivyo. Msianze kucheka, bado.

Sasa kuna watu wa mradi wanapita mtaani, wameungana na maduka ya vifaa vya ujenzi. Wanakagua nyumba, halafu wanabandika kibao cha nyota mlangoni. Nyumba isiyopika watu wake, na isiyokula umeme hovyo, inapata nyota nyingi. Ukiwa na nyota, dukani bati na rangi wanakupunguzia. Jirani yangu kapata mbili. Siku hizi anatoka kwake kinyumenyume ili asiache kuziangalia!

Mama mkwe akasikia habari hiyo. Mie na yeye hatuongei moja kwa moja. Kwetu mkwe huangaliani naye, humpi mkono, wala hukai naye chumba kimoja. Kwa hiyo akamtuma Kabula:

"Mwambie mumeo akipata nyota tatu, unabaki. Asipopata, kesho yake asubuhi tunapanda gari."

Mie niko hapohapo nje ya dirisha, nimesikia kila neno. Kabula katoka, kanirudia vilevile. Nikasema, "Mwambie mama nimekubali."

Mama akajibu kutoka ndani, "Mwambie nimesikia."

Leo asubuhi mama na Kabula wakaenda kliniki. Nikabaki nawaza. Wakaguzi wanakuja saa nane, jua la kupasua mawe. Watapima joto, nitaumbuka. Akili ikanijia (ningejua ningeifukuza). Nikaenda sokoni kwa muuza sangara, nikachukua magunia ya ile barafu anayofunikia samaki wa ziwani. Dereva wa bajaji akaniangalia kwa huruma.

"Kaka, una msiba?"

"Nina mkwe."

"Aisee. Pole sana."

Nikapanda juu ya dari, nikaitandaza barafu yote juu ya sebule, nikashuka. Nyumba ikapoa! Ikapoa mpaka nikatafuta sweta. Nzi wakaanza kutembea kwa miguu.

Saa nane wakafika: dada mmoja wa mradi, anaitwa Rehema, na fundi wa dukani. Mama mkwe keshatoka kliniki na Kabula, keshajifunga kanga mbili, kakaa kwenye kochi anatetemeka. Mie nimesimama mlangoni, mgongo ndani, uso nje, kama mlinzi wa benki.

"Kabula, muulize mumeo nyumba leo ina nini. Miguu inaganda."

"Mwambie mama ni ujenzi wa kisasa."

Dada Rehema akaanza kazi. Madirisha makubwa yanayotazamana, akasema vizuri. Bati jeupe, vizuri. Taa zisizokula umeme, vizuri. Akainua macho. "Na dari mmeweka! Hongera kaka, wengi hawaweki."

Huko juu: "Nyau."

Dada Rehema akasimamisha kalamu.

"Mna paka?" akauliza.

"Ni upepo," nikasema.

"Nyau! Nyaaau!" Upepo wa pili ukamjibu wa kwanza.

(Nilisahau kitu kimoja. Barafu ya sangara ina mapezi, ina vichwa, ina harufu ya ziwa zima. Paka wote kuanzia mji wa Isaka walishaingia kwenye upenyo wa bati.)

Tone likamdondokea mama mkwe puani. Akalifuta, akalinusa.

"Kabula, hii mvua ya wapi inanuka samaki?"

Kabla hajajibiwa, juu ukaanza ugomvi. Paka wanagombea kichwa! Ile jipsamu ya dari imeshalowa kama mkate kwenye chai. Ikatoa mlio mmoja mrefu, kisha puuu! Barafu, jipsamu, vichwa vya samaki, paka kama mvua ya masika! Mmoja kamkalia fundi begani. Mwingine, mwekundu, katua mapajani kwa mama mkwe.

Mama akainuka kwa mshtuko, akakanyaga barafu, akateleza. Hapo nikasahau kabisa kwamba mkwe haguswi. Nikaruka, nikamdaka hewani! Nimembeba mikononi kama bibi harusi, tunatazamana macho kwa macho, mara ya kwanza tangu nioe. Majirani wote wamejaa madirishani. (Yale madirisha makubwa!)

Nikasema, "Shikamoo mama." Mlitaka niseme nini?

"Marahaba. Niteremshe."

Dada Rehema akajitoa magamba kwenye nywele. "Kaka, barafu ya nini?"

"Ili mkipima joto..."

"Joto hatupimi! Tunakagua madirisha, bati, taa na dari. Ulishapata nyota nne."

"Nilishapata?"

Akaangalia juu. Nikaangalia juu. Bati tupu, na paka mmoja aliyechelewa. "Dari ndiyo ilikupa mbili," akasema kwa upole, akabandika kibao cha nyota mbili.

Kabula akainamisha kichwa, akaenda kutoa begi lake. Nikahisi shimo zima la duara limeniangukia. Mama mkwe akamwita.

"Rudisha hilo begi. Mwanaume anayepandisha ziwa juu ya nyumba ili mke asiondoke, mie simnyang'anyi mke. Unabaki."

Nikaruka kwa furaha!

"Ila mwambie na mie nabaki. Mpaka mjukuu azaliwe na dari irudi."

Jamani, nyumba ina sebule na chumba kimoja, na sebuleni amekaa mkwe. Naandika haya nikiwa nje, nimekalia tofali, ugali nimepitishiwa dirishani. Fundi dari yeyote anayesoma hapa aje upesi, na akifika asicheke, mama anasikia.

Yule paka mwekundu yuko ndani. Kapewa nafasi yangu kwenye kochi.