Daktari Amefeli Kitanda

"Hebu sikieni maajabu!" Seneta alilipiga gazeti kofi. "Ati madaktari wanarudi chuo kusomea unesi, ndio wapate kazi majuu!"

Huyo Seneta ni Wakoli, karani mstaafu ambaye hajawahi kugombea hata uzee wa kanisa. Pale kwa Mama Linah, kibanda cha chai hapa mtaa wa Pioneer, kila mtu ana cheo asichostahili. Murunga wa bodaboda wanamuita Turbo, na pikipiki yake imewahi kupitwa na mbuzi. Asubuhi hiyo Turbo alikuwa amejikunja kwenye benchi, mkono tumboni, chai imepoa mbele yake. Tumbo lilikuwa limemshika tangu jana, na alikuwa akimngoja Daktari wao aje amwangalie bure, kama kawaida.

"Huo ni udaku," Turbo alinung'unika. "Daktari mzima aache jina lake aende kuosha wazee wa watu? Hata sisi wajinga wa hii benchi hatuwezi."

"Sisi?" Mama Linah akacheka. "Sisi tungeosha hata ng'ombe wao, tena tukiimba."

Hapo hapo Daktari Kipyego akaingia, uso umeanguka. Alimaliza udaktari akangoja kuajiriwa, akangoja, mpaka akageuka kuwa mtu wa kibanda. Lakini presha ya Seneta na magoti ya Mama Linah yote yalikuwa mikononi mwake.

"Daktari, waambie ni uongo," Turbo alisihi.

"Ni ukweli. Mimi mwenyewe niko chuo cha unesi." Akakaa. "Na nimefeli."

"Wewe? Umefeli nini?"

"Kutandika kitanda."

Wueh! Seneta alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye mandazi.

"Niliingia wodi," Kipyego akaeleza, "nikasimama miguuni pa mgonjwa, mikono mfukoni, nikauliza, 'Huyu ameamkaje?' Nikangoja nesi anijibu. Nikangoja wee! Sister Nanzala akaniambia, 'Wewe, nesi si ni wewe?' Narudia leo saa nane. Nikianguka tena, Ujerumani nitaisikia tu redioni."

"Basi tukufundishe!" Seneta akasimama. "Nani hapa ametandika kitanda leo?"

Seneta mwenyewe akaanza kukagua chai yake.

"Msiniangalie," Mama Linah alisema. "Mimi naamka kabla ya jogoo, niwapikie nyinyi. Kitanda changu kinajijua."

"Mimi nitakuwa mgonjwa," Turbo akajitolea. "Kazi ya kulala naiweza."

Akalala kwenye benchi. Kipyego akachukua leso ya Mama Linah, akaanza kuipitisha chini yake bila kumtoa, vile Sister anataka. Alipomgeuza ubavu, Turbo akapiga nduru, watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Kipyego akaiacha leso. Akambonyeza tumbo chini, upande wa kulia, kisha akaachilia ghafla. Turbo akaruka.

"Imeanza lini?"

"Jana. Nilikunywa Eno, nikidhani ni gesi."

"Na ukanyamaza?"

"Si nilikuwa nakungoja wewe! Hospitali yangu ni wewe, Daktari."

"Turbo, hii ni apendiksi. Inataka kisu leo."

Turbo aliogopa. Aliogopa kisu, na akaogopa hata zaidi kwamba huyu mtu anayemwambia ukweli hivi ndiye anayepanda ndege. Hakuna aliyecheka tena. Seneta alisimamisha teksi ya Probox, wakampakia na ile leso, wakaenda hospitali, ambayo ndiyo ile ile ya mtihani.

Walimlaza kitandani, na Sister Nanzala akatokea na wanafunzi wake.

"Kipyego, bahati yako, hata saa nane hatungoji. Huyu hapa mgonjwa wa ukweli. Tandika."

Kipyego alitandika jasho likimtoka, akimgeuza Turbo polepole, huku akieleza habari ya tumbo bila kupumua. Shuka ikakaa sawa kabisa.

"Umepita," Sister alisema. "Na kuhusu hilo tumbo uko sawa. Lakini nesi hapasui mtu. Wacha nitafute daktari."

Akashika simu ya ukutani. Wa kwanza alikuwa amehamia Kanada. Wa pili hakushika. Wa tatu alishika, akamwambia yuko uwanja wa ndege. Turbo, maumivu yamemkaza, akawageukia wanafunzi waliosimama kando ya kitanda.

"Wewe dada, kabla ya unesi ulikuwa nani?"

"Daktari wa upasuaji," mmoja akajibu, macho chini.

"Na wewe?"

"Daktari wa dawa ya usingizi."

"Sister!" Turbo akaita. "Weka simu chini, aki! Si wako hapa wote!"

Sister Nanzala akageuka, akawatazama wale wanafunzi wake, sare safi, wamepanga mstari kama watoto wa kwaya.

"Ni nani hapa," akauliza taratibu, "bado ana leseni ya udaktari?"

Mikono yote ikainuka. Hata Turbo aliinua wake, kwa uoga tu.