Madai Yangu ya Mvi za Ukoo

Dilala, Kolwezi

Kwa Tata Mukubwa Zéphirin, Msimamizi wa Urithi wa Ukoo, Kapata

Tata Mukubwa,

Makofi yale bado yamo masikioni mwangu. Daktari wa mdogo wangu Ndaya aliwauliza swali dogo tu: nani katika jamaa aliota mvi kabla ya miaka thelathini? Mkapiga makofi! Mama Odile akafungua kitambaa cha kichwa aonyeshe zake. Wewe, kaka mkubwa wa baba, ukasimama: "Docteur, mi nilikuwa na mvi na vingt-deux ans, miaka makumi mbili na mbili! Njo maana ni mi chef!" Daktari hakupiga makofi. Aliandika.

Majibu yamerudi. Mvi zenu, saratani ya damu iliyomchukua baba, na uboho wa Ndaya ulioacha kutengeneza damu, vyote vimetoka katika jeni moja ya ukoo. Kwa unyenyekevu, basi, nalalamika:

1. Nina miaka ishirini na saba na sina hata unywele mmoja mweupe. Vipimo vimethibitisha: jeni hiyo sina. Baba aliacha watoto wawili, mmoja akapewa yote.

2. Tangu Ndaya aote mvi akiwa sekondari, kikaoni yeye huketi kwenye kiti, mimi chini. Nikifungua mdomo, Mama Odile husema, "We kichwa nyeusi, leta mayi." Nimesoma biolojia miaka mitano, Tata. Nikaleta maji.

3. Binamu zangu wote mmewakataza kupimwa, eti nani atawaoa? Sasa mwenye karatasi safi ni mimi peke yangu, na wachumba wanapanga mstari mlangoni kwangu. Ni usumbufu.

4. Naomba urithi ugawanywe upya. Ndaya anirudishie nusu. Nitaipokea kwa mikono miwili: nusu ya michubuko, nusu ya damu ya puani, nusu ya chupa za damu anazotundikiwa kila juma.

Nisalimie Mama Odile na vichwa vyote vyeupe vya Kapata.

Wako niliyesahauliwa katika mgao,
Mbelu

P.S. Daktari amesoma karatasi yangu, na safari hii amepiga kelele za furaha! Ndaya anahitaji uboho wa ndugu anayelingana naye, asiye na ile jeni. Tunalingana. Futa madai yote, Tata, usiite kikao. Nilitia sahihi ya kumpa uboho wangu Jumatatu bila kuuliza ukoo, na unapoisoma barua hii tumekwisha kupanda ndege kwenda hospitalini.