Picha Sabini na Mbili za Daraja la Gatondo

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa Idara ya Maendeleo Yanayoonekana, mjini Nyeri, likiwa na mihuri mitatu: "Wananchi wote wanaarifiwa kwamba Daraja la Gatondo, ambalo halijasonga hata inchi moja kwa miaka sita, litaanza kusonga Ijumaa saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa. Wananchi wafike mapema na waje wakiwa wameoga."

Aliyepiga mihuri hiyo ni Gicheru, mtunza muhuri wa idara kwa miaka kumi na tisa. Gicheru aliamini kwamba jambo lisilo na muhuri bado halijatokea, hata kama limekuuma mguuni. Muhuri wenyewe ulilala ndani ya soksi ya sufu, ndani ya mfuko wa koti, na mkewe alizoea kusema kwamba soksi hiyo ndiyo mke wa kwanza.

Daraja tulieleze kwa ufupi, maana lenyewe ni fupi. Ni nguzo mbili za zege kando ya mto Kariara, huko Mukurweini, tena upande mmoja tu. Upande wa pili kuna majani. Katikati watu wa Gatondo wamelaza magogo mawili ya mkaratusi, na juu ya magogo hayo hupita watoto wa shule, ndizi, wagonjwa, na maziwa ya kwenda kituo cha ushirika. Wakonyo, mke wa Gicheru, hupita hapo kila siku ya Mungu na mtungi wake. Masika iliyopita gogo lilibingirika, akaanguka mtoni, akavunjika mkono. Gicheru alihuzunika sana. Aliiandikia idara barua ya malalamiko, akaipokea mwenyewe, akaipiga muhuri wa IMEPOKELEWA.

Sasa, daraja la namna hiyo lisonge vipi Ijumaa? Hapo ndipo elimu inapoingia. Wiki sita kabla ya tangazo, mkurugenzi wa idara, Bwana Kinuthia, mtu mwenye tumbo la heshima na kofia ya ujenzi isiyojua vumbi, alirudi kutoka semina ya siku tatu katika hoteli moja ya Nanyuki. Mada ilikuwa uhuishaji, yaani kile ambacho mitaani huitwa katuni. Alirudi amebadilika kama mtu aliyeokoka, akaita kamati nzima siku hiyo hiyo.

"Wenzangu," alisema, "tumepoteza wakati mingi sana na simiti. Miaka karibu mia mbili imepita, wazungu walichora farasi kwa sahani, wakazungusha hiyo sahani, wakachungulia kwa matundu, farasi akakimbia. Alikimbia? Wapi. Ilikuwa karatasi. Baadaye Mfaransa mmoja akapaka picha mamia kwa utepe, na mkono yake, akaangaza kwa ukuta, watu wakapiga makofi. Halafu wakaanza kuchora kwa plastiki ya kuona ndani, ndio wasichore mlima kila saa. Mlima inakaa nyuma, mtu anatembea mbele. Saa hii kuna kompyuta. Na kuna wale wa udongo. Unafinyanga mtu, unampiga picha, unamsongeza kidogo, unampiga ingine. Ukionyesha haraka haraka, anatembea."

Akainua kidole kimoja.

"Siri ni nini? Jicho ya mwananchi iko na kasoro. Ikiona picha, inachelewa kuisahau. Hiyo kasoro imekaa hapa Nyeri bure, na hakuna idara imewahi kuitumia."

Kamati ilipiga makofi. Iliazimiwa kwamba Daraja la Gatondo likamilishwe kwa udongo, lipigwe picha, na lionyeshwe mbele ya mgeni rasmi, Bi. Phyllis, kutoka makao makuu Nairobi. Akishaliona limekamilika angetia sahihi hati ya ukamilishaji, na faili lingefungwa. Gicheru alipiga muhuri azimio hilo bila kulisoma mara mbili.

Akaitwa msanii, Kaari, binti wa Nkubu upande wa Meru, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vibonzo vya kufundishia watoto hesabu. Alipewa stoo ya mafaili na meza yenye miguu mitatu na tofali moja. Hapo Kaari alijenga Gatondo nzima: migomba ya karatasi, nguzo za vijiti vya meno, mto wa jeli ya nywele. Akafinyanga na mama mmoja mwenye mtungi wa maziwa, mwenye uti wa mgongo wa waya, ndiye angekuwa wa kwanza kuvuka daraja. Gicheru alimpenda sana huyo mama wa udongo. Kila asubuhi alimsalimia.

Shida ilikuja kwenye utaratibu. Kaari alieleza kwamba sekunde moja hutaka picha kumi na mbili, kwa hiyo dakika mbili ni picha elfu moja mia nne na arobaini. Mkurugenzi akasema picha ni hati ya umma. Kila moja ipite kwenye kamati, atie sahihi yake, Gicheru apige muhuri. Kumbukumbu za kikao cha kwanza bado zipo: "Picha ya 16 ilijadiliwa, ikapita. Picha ya 17 ilijadiliwa kwa kirefu. Wajumbe hawakuona tofauti na ya 16. Msanii aitwe ajieleze."

Kaari aliitwa, udongo ungali kwenye kucha.

"Mguu imesonga," alisema.

"Imesonga wapi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hapo kwa kidole. Kama nywele mbili hivi."

"Madam, serikali haiwezi kutia sahihi nywele mbili."

"Lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe, mkubwa. Picha moja haisemi kitu. Ni haba na haba hujaza kibaba. Ukitaka kuona kitu ikisonga, uziangalie zote, zikifuatana."

"Kamati haiangalii vitu zikifuatana," Mkurugenzi alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua huzama. "Kamati inaangalia moja moja. Ndio isikosee."

Wajumbe waliitikia kwa vichwa, na chai ikaja. Ilipofika Jumatatu ya tangazo kamati ilikuwa imepitisha picha arobaini na moja. Mama wa udongo alikuwa ameinua mguu wa kulia, hajapata kibali cha kuushusha. Alisimama hivyo siku tisa akingoja wajumbe watimie.

Jioni hiyo Gicheru alikuwa jikoni Gatondo, akingoja githeri iive. Wakonyo alikuwa akikoroga kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia uliunga vibaya.

"Baba Murugi, ati daraja inaisha Ijumaa?"

"Inaisha kwa picha."

"Na hiyo ya picha nikiikanyaga?"

"Haikanyagwi. Inaangaliwa. Halafu mgeni anatia sahihi, faili inafungwa."

"Ikifungwa, hii ya ukweli watajenga lini?"

Kwa miaka kumi na tisa hakuna fomu iliyowahi kumwuliza Gicheru swali hilo. "Faili ikishafungwa haifunguliwi," alisema, na ndipo akayasikia maneno yake mwenyewe. Akautazama ule mkono wa kulia uliopinda, umelala pajani. Aliona aibu, na nyuma ya aibu ikaja hofu. Githeri ilikuwa tamu lakini hakuimaliza.

Jumatano Kaari aliomba picha za mahali penyewe, apate mandhari ya kuweka nyuma ya udongo wake. Gicheru akamletea faili la ukaguzi. Lilikuwa fahari ya idara. Kanuni ya Tisa yataka kwamba kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi, daraja lipigwe picha kutoka kwenye kigingi kile kile cha chuma, Mkurugenzi akiwa amesimama upande wa kushoto na kofia kichwani. Miaka sita, picha sabini na mbili, hakuna hata moja iliyokosekana. Kila moja ilikuwa na sahihi ya Mkurugenzi, na kila moja kamati iliipitisha kwa maneno yale yale: "Hakuna tofauti kubwa na iliyotangulia."

Kaari alitazama picha ya kwanza, akatazama ya pili. Kisha akashika bunda lote kama mtu ashikaye karata, akaliachia kwa kidole gumba.

"Mzee," aliita taratibu, "kuja uone."

Picha zilipita prrrr. Gicheru akaona Gatondo ikiwa hai. Mto ulijaa ukapungua, ukajaa ukapungua. Migomba ilizaa, ikakatwa, ikazaa. Nguzo mbili hazikutikisika. Lakini kando ya nguzo palikuwa na kilima cha mifuko ya simiti chini ya turubai, na kilima cha mawe ya kuchonga, na vilima hivyo vilikuwa vikishuka. Na kule nyuma, kwenye mgongo wa mlima ng'ambo ya mto, kitu kilikuwa kikipanda. Msingi. Ukuta. Ghorofa. Mabati mekundu. Balikoni mbili zikachomoza moja baada ya nyingine, na kwa kila jiwe lililopotea chini, moja lilitokea juu. Tumbo la Mkurugenzi nalo lilikuwa kazini, likikua.

Kwamba nyumba ile ni ya Bwana Kinuthia kila mtu Gatondo alijua. Walisema Mungu amembariki. Simiti nayo ilipungua mfuko huu leo, mwingine wiki ijayo, na nani ahesabu mfuko mmoja?

"Na huyu ni nani, hapa kwa kona?" Kaari aliuliza. "Anaruka ruka."

Gicheru aliinama. Pembe ya chini, kulia, mahali pa muhuri. Ndiyo pembe pekee aliyowahi kuitazama. Chini ya wino wa zambarau kulikuwa na magogo mawili, na juu ya magogo mwanamke akirudi kutoka kituo cha maziwa na mtungi mtupu. Muhuri ulimfunika kifuani mwezi baada ya mwezi, na yeye akivuka, akivuka, na nywele zikiingia mvi. Mwishoni mkono ulikuwa kwenye bandeji. Gicheru alikuwa amempiga muhuri mkewe mara sabini na mbili. Alikaa juu ya sanduku la mafaili, akalia bila kujificha.

Kisha akapangusa uso kwa ile soksi, akawa mtumishi wa umma tena.

"Picha za udongo zimepitishwa ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Ijumaa haziwezi kufika. Na kanuni inasema mwananchi aonyeshwe picha iko na sahihi na muhuri tu. Hizi ziko nazo." Akamsogezea bunda. "Sabini na mbili ni muda gani?"

"Sekunde sita, mzee. Kila mwaka sekunde moja."

"Weka. Tunafuata sheria."

Ijumaa ukumbi ulijaa hadi madirishani. Shuka jeupe lilining'inizwa mbele, na Bi. Phyllis, mama mfupi mwenye miwani, alikaa kwenye kiti chenye mto wa kukalia, hati ya ukamilishaji mapajani. Mkurugenzi alisimama.

"Kila picha mtaona hapa nimeitia sahihi mimi mwenyewe, na mkono yangu. Kama kuna moja ya uongo, mnishike hapa hapa."

"Amina," watu walisema.

Taa zikazimwa, na sekunde sita zikapita.

"Rudisha," sauti ya mwanamke ikasema kutoka nyuma. Gicheru aliitambua.

Ikarudishwa. Mara ya pili kicheko kilianzia kwa watoto, kwa sababu ya tumbo. Mara ya tatu kilifika kwa wazee, na mzee mmoja akasimama na fimbo yake akionyesha: "Ona, ona, turubai imelala, balikoni imeamka." Mara ya nne watu walikuwa wakishikana mabega wasianguke.

"Bwana Mkurugenzi," Bi. Phyllis alisema, "hii nyumba ni ya nani?"

"Hiyo ni mandhari tu, madam. Inakaa nyuma."

"Na sahihi ni yako?"

"Ni yangu. Lakini nilitia moja moja."

Bi. Phyllis alifunika kalamu yake. Akamgeukia Kaari. "Hii kitu inaweza kwenda kinyume?"

"Inaweza. Ni kubonyeza tu."

Ikabonyezwa. Mabati yakatoka, balikoni zikaingia ukutani, ghorofa ikashuka, na mawe yakarudi mtoni moja moja yakajipanga kando ya nguzo kwa adabu. Hata tumbo lilirudi.

"Basi utaratibu nimeuona," Bi. Phyllis alisema. "Ufuatwe hivyo."

Nao unafuatwa. Miezi minane imepita, na kila Jumatatu ya kwanza, saa mbili asubuhi, Gicheru husimama kwenye kigingi kile kile. Nyumba ya mgongoni imebaki chumba kimoja na choo. Daraja limefika ng'ambo, bado kingo tu. Muhuri ameuhamishia pembe ya kushoto.

Kwenye picha ya themanini Wakonyo alikuwa katikati ya daraja, mtungi mkononi, hana haraka. Kushoto alisimama Bwana Kinuthia, kofia kichwani kama kanuni itakavyo, toroli la mawe mbele yake, jasho likimtiririka. Alikuwa akimziba Wakonyo.

"Gicheru," aliuliza akihema, "nisonge?"

Gicheru alifumba jicho moja, akatazama.

"Kidogo tu, mkubwa. Kama nywele mbili."