Ubao Wenye Tundu Tayari

Jumatatu, 8 Septemba

Ushindi! Baba amekubali gari letu, Nexia, ndilo limbebe dada Muhayyo Jumamosi, kutoka hapa Margilon mpaka kwa wakwe zake Kokand.

Kaka Qobil, jirani yetu, alikuwa ameshajipendekeza na gari lake. Spika milango yote minne. Likipita mtaani, vikombe vya chai vinacheza mezani. Akasema eti gari letu linafaa kubebea matikiti. Nikamwambia asubiri Jumamosi, atakuja kuniomba kazi ya kuosha matairi. Akauliza nitafanya nini. Nikamjibu mafundi hawatoi siri. Siri yenyewe sikuwa nayo bado.

Baba kanionya jambo moja tu: Hikmat, usiguse kitu. Hakutaja kitu gani.

Jumanne, 9 Septemba

Nimegusa.

Baba alienda kualika watu, nikafungua kava ya mlango wa nyuma, upande wa kulia. Ndipo atakapokaa bibi harusi. Kwenye video niliyoitazama, fundi anavuta mara moja, kava inatoka kama ganda la yai. Mimi nimevuta, klipu zikaruka kama panzi. Nyingine imeingia kwenye sufuria ya mama. Nimesema ni pilipili manga.

Spika ninazo mbili, nilibadilishana na baiskeli yangu. Kubwa! Sumaku yake nyuma nene kama mkate. Haiingii. Inataka ubao mnene wenye tundu la duara, iketi juu yake. Nimekata plaiwudi kwa kisu cha mkate. Plaiwudi imepasuka. Kisu pia.

Qobil kachungulia ukutani, kaniuliza kama najenga banda la njiwa.

Jumatano, 10 Septemba

Mimi ni mtu wa ajabu. Nasema bila kujisifu.

Nimeingia stoo kutafuta ubao. Juu kabisa, kimefungwa shuka, kipo kitanda cha mtoto cha kubembeza. Alilazwa babu, akalazwa baba, dada Muhayyo, na mimi. Mtoto anafungwa humo kwa vitambaa asijitikise, na ubao wa chini una tundu la duara ili mkojo ushukie kwenye kikopo. Tundu la duara! Ubao wa mti wa aprikoti wa bustani yetu, mnene kama kidole gumba changu. Nimepima spika. Imeketi kama mfalme.

Mama anakitunza aje kumpelekea dada akijaliwa mtoto wa kwanza. Hiyo ndiyo desturi, kitanda hutoka kwa mama wa binti. Sasa harusi yenyewe bado! Ubao nitaurudisha Jumapili. Nani atajua? Nimekifunga shuka lile lile, nikajaza gazeti ndani kisilegee.

Alhamisi, 11 Septemba

Dada Muhayyo kanikuta. Nikadhani nimekwisha. Lakini ubao ulikuwa umeshaingia mlangoni, hakuuona. Aliona spika tu. Akauliza haya yote ni kwa ajili ya nani. Nikasema kwa ajili yako, nani mwingine.

Akaenda ndani, akaleta mahameli nyekundu iliyobaki kwenye magodoro yake ya harusi. Akakaa na mimi kwenye jamvi, akashona pindo kwa mkono. Alisema kule Kokand hamjui mtu hata mmoja, akiona mahameli hii mlangoni atajua katoka kwao na watu waliompenda.

Nilitaka kumwambia habari za ubao. Kweli nilitaka. Ila gundi ilikuwa inakauka.

Ijumaa, 12 Septemba

Baba kaona. Kafura kama unga wa maandazi. Dada akamkinga, akasema yeye ndiye aliyeniomba. Uongo mtupu, Mungu ambariki! Nikawasha wimbo. Mguu wa baba ukaanza kupiga mdundo chini, yeye mwenyewe hana habari.

Alitaka kufunga mlango aone kama unafunga. Nikapiga kelele: gundi, baba, gundi! Usibamizwe mpaka kesho. Nimeufunga kwa kamba tu.

Qobil kaja, kagusa mahameli, kagonga kwa kidole. Akasema ubao mzuri, nimeutoa wapi. Nikasema umeagizwa kutoka nje. Hakucheka. Ushindi huo mtamu kuliko asali!

Jumamosi, 13 Septemba

Nimo ndani ya banda la kuku. Sina la kuandika. Kuku wananitazama.

Jumapili, 14 Septemba

Haya. Niandike, nimalize.

Shangazi wawili ndio walioubamiza mlango, pwaa, bibi harusi alipoingia. Nikasikia kitu ndani kikisema kt. Nikaongeza sauti ya muziki.

Kokand tuliingia kwenye kichochoro chembamba, kushoto ukuta, kulia nyumba ya wakwe. Tarumbeta zinalia. Wanawake wametandika kitambaa cheupe kutoka mlango wa gari mpaka kizingitini, bibi harusi asikanyage chini. Bwana harusi kavuta kitasa. Mlango kimya. Kavuta tena. Baba kavuta. Mjomba kavuta, kabaki na kitasa mkononi.

Skrubu yangu ndefu ilikuwa imeuma chuma cha loki.

Wa kushoto haufunguki, ukuta. Gauni lenyewe kama hema, halipiti viti vya mbele. Wapiga tarumbeta wakaishiwa pumzi, mmoja mmoja. Pale pale ndipo Qobil, aliyetufuata na gari lake, alipotokea na bisibisi yake, akapenya kwa mbele kama mjusi, akang'oa mahameli, akafungua skrubu, akatoa ubao dirishani. Nyanya wa bwana harusi akaupokea.

Akaugeuza. Akachungulia tundu. Upande wa chini kuna duara la kahawia, kumbukumbu ya ukoo wetu mzima.

Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Tashkent: Jamani, huu si ubao wa kitanda cha mtoto?

Minong'ono ikaanza. Bibi harusi kaja na kitanda cha mtoto siku ya kwanza? Mbona haraka hivyo? Mwingine akauliza tumbo liko mwezi wa ngapi. Mama akawa mweupe kama kile kitambaa.

Mimi nikasema, Mungu anisamehe, ubao ni wa Qobil. Qobil akasema mjinga wewe, kwetu hata mke sina. Watu wakacheka, minong'ono ikazidi.

Nikamtazama dada. Mabega yanatikisika chini ya shela. Nikadhani anacheka. Nikainama dirishani. Hakuwa anacheka. Mkononi kashika kipande cha mahameli, kile alichokishona mwenyewe.

Basi nikapanda juu ya buti ya gari. Sijui nani alinipandisha. Nikasema: Ni mimi! Nimeuiba stoo, nikawekea spika, yeye hajui, mama hajui, kitanda nimekijaza magazeti! Mkojo huo ni wangu na wa baba!

Baba akafunika uso kwa kofia.

Nyanya akanitazama juu mpaka chini. Akawauliza wazazi wangu, huyu naye mmemlea humu humu kwenye ubao huu? Mama akaitikia kwa kichwa. Nyanya akasema basi dosari iko kwenye ubao, vitukuu wangu tafadhali wachongeeni mwingine. Wanawake wakaangua kicheko, kile kizuri, wakamrushia bibi harusi peremende. Akashuka, akakanyaga kitambaa cheupe. Alinipita bila kunitazama.

Kurudi nyumbani nimepanda gari la Qobil. Hakuwasha muziki. Afadhali angewasha.

Jumatano, 17 Septemba

Dada kapiga simu. Kule wanamwita Bibi Ubao. Anasema kashazoea, na nyanya humwita hivyo akimkatia tikiti kipande kinono. Nikamwomba radhi. Akasema mahameli ameitunza. Nikalia kidogo. Vumbi.

Baba kaamua: kitanda kipya nitachonga mimi mwenyewe, kwa seremala, kila siku baada ya kazi, mpaka kiishe. Nimekubali kwa unyenyekevu. Nimeona aibu yangu, nimekuwa mtu mwingine.

Leo nimechora tundu la ubao mpya. Kipimo ni kile kile. Nimekaa nalitazama.

Spika ya pili bado ninayo. Mtoto analia, unambembeleza kwa kitu gani, kama si muziki? Na unatoka chini yake kabisa, unamtetemesha mgongo taratibu! Hata Qobil hana kitu kama hicho.

Kuhusu mkojo, spika nitaifunika kwa nailoni.