Kadi ya Mtandao Iliyobadili Jina Bila Fomu

Ndugu Mkurugenzi,

Pole na majukumu. Mimi ni mkuu wa masjala katika ofisi yako hii ya usajili, mwaka wa ishirini na sita sasa, na sijawahi kukuandikia kwa hasira. Leo naandika kwa hasira, ila kwa heshima zote.

Jumatatu fundi wa kompyuta aliweka mfumo endeshi mpya kwenye seva. Seva ikawaka vizuri, taa zikapepesa, lakini mtandao hakuna. Tangu siku hiyo hatujaweza kutuma makao makuu tangazo hata moja la ndoa, na mojawapo ni langu. Ndiyo, naoa, na miaka yangu hamsini na minne. Tangazo lisipofika leo Ijumaa kabla ya saa sita mchana, ndoa ya kesho haipo. Kwa hiyo usidhani napenda ugomvi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi alichomoa waya akauchomeka, akazima seva akaiwasha, akaleta waya mwingine. Mwishowe akaniambia, bila haya, kwamba mfumo mpya umeipa kadi ya mtandao, kile kipande ndani ya seva kinachoiunganisha na mtandao, jina jipya, na faili la mipangilio bado linaitafuta kwa jina la zamani. Yaani kadi imo humo humo, haijasogea hata inchi, ila inaitwa na haiitiki.

2. Jina la zamani lilikuwa fupi na la heshima. Hili jipya ni herufi na tarakimu zilizovurugwa kama namba ya gari. Nani alilipendekeza? Mashahidi wako wapi? Hapa kwetu mwananchi akitaka kubadili jina tunamdai kiapo, picha mbili na nakala tatu zenye muhuri. Juzi nilimrudisha bibi mmoja mara tatu kwa sababu kwenye picha alikuwa anacheka. Nikiiachia kadi, huyo bibi nitamtazama kwa uso gani?

3. Eti fundi anataka aingie tu, afute jina la zamani, aandike jipya, basi. Dakika nne, anasema. Jumatatu nilimfungulia kwa moyo mweupe, leo nimemkatalia. Ufunguo wa chumba cha seva ninao mimi, maana zamani kilikuwa stoo ya mafaili, na hautoki mfukoni mwangu mpaka fomu ijazwe.

4. Fomu nilimpa. Ameirudisha bila saini ya mwombaji, akidai kadi haina mikono. Hilo si kosa langu. Fomu inaruhusu dole gumba.

5. Tukinyamazia hili, wiki ijayo printa nayo itajiita vingine, kisha kabati, na siku moja wewe mwenyewe utafika kazini ukute kiti chako kinaitikia jina la mtu mwingine.

Naomba basi kadi ijieleze kwa maandishi, na jina lake jipya libandikwe ubaoni siku ishirini na moja ili mwenye pingamizi ajitokeze. Najua ndoa yangu imo humo katikati. Inaniuma sana, lakini utaratibu ni utaratibu.

Nisalimie shemeji, katibu wako, mlinzi wa getini na wote wa ghorofa ya juu.

Wako mtiifu, mwenye muhuri na uchungu,
Mkuu wa Masjala

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mchumba wangu aliingia masjala. Nikamsomea barua yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mkoba wake, akasema taratibu, "Kama kesho haipo, na mimi sipo." Nimekimbia na ufunguo mpaka kiatu kimoja kikabaki ngazini. Fundi ametumia dakika tatu. Tangazo limeondoka saa tano na dakika hamsini na mbili. Imebaki saini yako kwenye fomu ya ndoa niliyoiambatanisha. Utaona ni tupu kabisa. Weka tu saini hapo chini, mengine nitajaza Jumatatu. Nampenda yule mama, Mkurugenzi, na kadi ijiite inavyotaka.