Utumbo wa Nguruwe kwa Magoti ya Mama Mkwe

Jumapili, 7 Julai 1996

Leo nimefunguka akili, kanisani Kigonsera! Baada ya Misa, Padre alimkaribisha daktari mgeni azungumzie viungo vinavyovimba miaka nenda miaka rudi. Akasema mwili wenyewe unatengeneza kitu cha kutuliza uvimbe, kidogo mno, kipo kwenye mishipa ya fahamu na tumboni. Kinaitwa peptidi. Wataalamu walikipata kwanza kwenye utumbo wa nguruwe.

Utumbo wa nguruwe! Nikanyanyuka hapo hapo, nikadaka baiskeli kurudi nyumbani Ukata. Watu walikuwa bado wananyoosha mikono. Wenye kuuliza waulize.

Sababu ya haraka ni Tadea, mke wangu. Yuko huko Kigonsera kwao tangu Pasaka, anamuuguza mama yake. Magoti ya Mama Walburga yamefura kama maboga, na yasipotulia, Tadea harudi Ukata. Kahawa inaiva hadi inadondoka. Ugali napika mwenyewe, mbichi katikati. Nimemkosa jamani, wala si kwa ajili ya ugali tu.

Halafu kuna mwanyumba wangu Mansuetus, aliyemwoa Bonifasia, dada yake Tadea. Tangu waruhusu watu binafsi kununua kahawa, yeye ni wakala, ana pikapu. Kila wiki anampeleka Mama zahanati. Anasifiwa mpaka inachosha. Mimi nina baiskeli isiyo na breki.

Jumatatu, 8 Julai

Elias jirani amechinja. Kwetu utumbo ni wa wale wanaomshika nguruwe, unaliwa palepale motoni na pombe pembeni. Nikajitolea kushika mguu wa nyuma. Nikala teke la tumbo. Nikadai utumbo wote, nikawaachia fungu langu la nyama. Wenzangu wakanuna. Raimundi akauliza kama nimelogwa. Nikamjibu kwamba sayansi ina siri zake.

Nimechemsha mchana kutwa, bila chumvi. Nimeuosha mara moja tu, tena juu juu, peptidi isije ikaondoka na maji. Harufu! Mbwa wa Elias amegoma kutoka mlangoni kwangu.

Jumanne, 9 Julai

Nimefunga sufuria kwenye keria, safari ya Kigonsera. Kila mteremko mchuzi ulinimwagikia mgongoni. Nimefika nanuka, lakini dawa ipo.

Kikwazo: heshima. Mkwe hamsogelei mama mkwe wake, hamtazami magoti, wala hampi kitu mkononi. Sasa mtu atatibu vipi? Nikamwamkia Shikamoo kwa mbali, macho chini. Sufuria nikampa Bonifasia. Nikamsisitizia kwamba dawa ni ule mchuzi, Mama aunywe wote. Kisha nikajibanza nyuma ya jiko kusikiliza.

Nikamsikia Mama akiguna kwa raha. Maumivu yanatoka! Kisha akaomba pilipili. Hapo nikashangaa kidogo. Kisha Mansuetus naye akaguna. Huyu magoti yake yana nini?

Alhamisi, 11 Julai

Bado niko ukweni, nasubiri matokeo. Asubuhi Tadea ameniita Othmar. Si Baba Victor kama siku zote. Othmar! Nikajua nimekwisha.

Kumbe Bonifasia alimwaga mchuzi wote kwenye banda la nguruwe. Utumbo akausugua upya, akaukaanga kwa vitunguu, familia nzima ikala na ugali. Nikafoka kwamba dawa amepewa nguruwe. Tadea akasema nguruwe anayo yake tayari.

Akaendelea. Nilipoondoka siku ile, daktari alieleza kwamba peptidi ukiimeza, tumbo linaisaga kama maharage tu. Wataalamu bado wanaichunguza, na si jambo la kujaribia jikoni. Mama alikaa akasikiliza hadi mwisho. Kwa kupitia Tadea, ameniarifu kwamba anakula utumbo wa nguruwe tangu akiwa mtoto, na kama ungetibu, Mbinga nzima pasingekuwa na goti bovu.

Nimeona aibu. Haikudumu.

Jumapili, 14 Julai

Tadea naye amerudi Ukata! Ameshuka kwenye pikapu ya Mansuetus. Nimemshukuru, na imeniuma kumshukuru. Vidonge vya Sista Gertruda wa zahanati vimeanza kutuliza magoti, leo Mama ameingia kanisani kwa miguu yake na fimbo. Ndipo akamwambia Tadea arudi akachume kahawa, kwa sababu mwanamume aliyebeba utumbo wa nguruwe milima yote ile kwa ajili ya magoti yake ni mjinga, lakini ni mjinga wake. Nimefurahi hadi nimeongeza tonge. Ugali ulikuwa umeiva.

Hata hivyo, nimetafakari. Mama hakuunywa mchuzi. Sasa nani anaweza kusema haufai? Kosa langu lilikuwa nguruwe: ni mtamu, lazima watamkaanga. Samaki nao wana utumbo, na utumbo wa samaki Bonifasia hatautamani. Jumanne nashuka Mbamba Bay kwa Cuthbert, rafiki yangu mvuvi. Anijazie ndoo.

Nimemdokezea Tadea. Amesema utumbo wowote ukiingia tena nyumba hii, anarudi Kigonsera, na safari hiyo hatakuwa anauguza mtu.

Nimemwelewa kabisa. Nitachemshia kwa Elias.