Jumapili Saba Bila Kutafutwa

Lusangi, Jumatano, juma la saba la kupotea kwangu

Kwa Mchungaji Léon na baraza la wazee wa kanisa, Kasongo
Nakala: Mama Mado, umoja wa akina mama, kwaya, sauti zote nne

Kuhusu: Kutotafutwa

Mchungaji wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na nyumba yako, nikitumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa umekaa. Mimi sijambo, isipokuwa mguu wa kushoto.

Ni mimi Hippolyte, shemasi wako kwa miaka kumi na mmoja, yule wa kufungua madirisha kabla ya ibada. Najitambulisha kwa sababu, baada ya yaliyotokea, sina hakika tena kama nakumbukwa. Siandiki kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo juma la kwanza na la pili. Sasa nimebaki na malalamiko tu, nami nimeyapanga kwa namba ili baraza lisichanganyikiwe.

1. Kwanza ijulikane kwamba nilipotea vizuri. Jumapili ile ulipowashukuru kwa majina waliosaidia kuezeka kanisa, ulitaja watu thelathini na wawili. Ulimtaja hata yule aliyetoa ngazi yake. Mimi niliyekaa juu ya paa siku tisa, nikashuka na ngozi ya mgongo ikibanduka, hukunitaja. Nikatoka kwa mlango wa mbele, polepole, katikati ya wimbo, ili nionekane. Nikapita kwa Mama Mado na kumwambia kwa siri kwamba nakwenda machimbo ya Lusangi na sitarudi mpaka nitafutwe. Nilimchagua yeye kwa kuwa jambo ukimwambia kwa siri leo, kesho linajulikana mpaka ng'ambo ya Lualaba. Tangu mke wangu afariki sina mtu nyumbani wa kuniulizia, na binti yangu Laura yuko Kabambare na watoto wake, kwa hiyo kunitafuta ilikuwa kazi ya kanisa peke yake. Nikapanda pikipiki ya Abdallah, anayebeba abiria wa machimboni, mchana kweupe. Sidhani kama kuna muumini mwingine aliyewahi kurahisisha kupotea kwake kiasi hicho.

2. Mtasema barabara. Najua mtasema barabara, kwa sababu hata mimi nimelisema neno hilo miaka mingi katika ripoti zangu: waumini walioko machimboni hawafikiki, madaraja yamevunjika, matope yanafika magotini. Baraza lilikuwa likitikisa kichwa kwa huzuni, kisha tunafunga kikao kwa sala. Kwa hiyo juma la kwanza nilijiambia, ni barabara. La pili nikajiambia, ni barabara na mvua. Nilikuwa tayari kuwavumilia kwa sababu hiyo mpaka kiangazi.

3. Lakini siku ya kumi na tisa ya kupotea kwangu, mbuzi wa karamu ya shukrani naye akapotea.

Namsema yule mweusi mwenye sikio lililopasuka, aliyekuwa akifungwa nyuma ya ofisi yako. Sina ugomvi na mbuzi. Ila kwa utaratibu wa foleni, mimi nilikuwa nimetangulia. Ikasemekana ameonekana juu ya pikipiki akielekea machimboni, na papo hapo barabara ikapitika. Zilikuja pikipiki sita, Mchungaji. Walikuja wazee wawili na wapiga ngoma, na aliyeongoza ni Gérard, msaidizi wangu. Niliwaona wakishuka kilima. Nikanawa uso, nikavaa shati jeupe, nikakaa juu ya gogo nikitazama upande mwingine, kama inavyompasa mtu aliyepotea.

Gérard alinisalimu kwa mikono yote miwili. Akasema, "Ah, Mushemasi! Kumbe weye iko huku! Haukuona mbuzi mumoja mweusi, sikio yake imepasuka?"

Nilikuwa nimemwona. Nikawaonyesha kibanda cha muuza nyama alikofungwa. Wakamkuta mzima, ngoma zikapigwa, wakambeba mabegani kwa kupokezana, na mzee mmoja akatokwa na machozi. Gérard akaniuliza kama nina salamu za kupeleka nyumbani. Nikasema sina. Kisha akaniuliza, "Na daftari iko wapi? Tukiiona tutakuandika." Nikaona ananicheka, kwa maana Daftari la Waliopotea nilimwachia yeye. Wakaondoka. Lile gogo bado ninalikalia.

Abdallah, ambaye ndiye aliyempakia mbuzi kumrudisha Kasongo, amenieleza kwamba kanisa zima lilitoka barabarani kumpokea, akaimbiwa, akaogeshwa, akafungwa kitambaa chekundu shingoni. Jumapili mkamla. Kwa haki niseme kwamba sidai yote aliyofanyiwa mbuzi. Hilo la mwisho nalisamehe.

4. Sasa linakuja lalamiko zito. Siku ya ishirini na tano nilitumbukia katika shimo la zamani la wachimbaji lililofunikwa na majani. Mguu ukachanika, kisha ukavimba, kisha homa ikanipanda. Na katika hali hiyo, Mchungaji, nilisaidiwa na watu wasiohusika.

Wa kwanza ni mama mmoja mjane anayewapikia wachimbaji. Wote wanamwita Mama Ushindi, kwa jina la binti yake aliyeolewa Kabambare. Kanisani haendi, nilimuuliza. Alinivuta kutoka shimoni kwa kitenge chake, akaniosha mguu kwa maji ya moto na chumvi, akahamisha kuni zake zilale mvuani ili mimi nilale kibandani. Tangu hapo ananiletea bugali na sombe ya majani ya muhogo kabla hajawapakulia wachimbaji waliosimama na sahani mkononi. Nilimweleza kwa upole kwamba jukumu hili si lake, ni la kanisa, na kwamba akilichukua yeye anatunyima nafasi. Akanijibu, "Kula kwanza, baba. Mambo ya kanisa utaniambia nyuma." Mpaka leo hiyo nyuma haijafika.

Wa pili ni Abdallah mwenyewe, ambaye ni wa msikitini. Kila akipita huku ananiletea vidonge na bendeji kutoka kwa mama yake, Bi Latifa, mwenye duka karibu na soko. Bi Latifa sijawahi kuonana naye hata siku moja. Nilimuuliza Abdallah ni kamati gani imewatuma. Hakulielewa swali. Akasema yeye anapita tu. Nakuomba ulipime jambo hili, Mchungaji: wanafanya bila kikao, bila ripoti, bila hata muhuri. Watu wakizoea hivyo, sisi tutabaki na kazi gani? Na nilipomwambia kwamba nakuandikia, akapigapiga kiti cha pikipiki yake akasema, "Papa, mutu akitaka kurudi kwabo anapanda moto, anarudi. Barua iko ya nini?" Yeye hakufundishwa kama sisi kwamba aliyepotea hajirudishi.

5. Nani alaumiwe? Kanisa letu lina Idara ya Kutafuta Waliopotea. Naijua vizuri, maana niliianzisha na kuiongoza miaka mitano. Fungu la pili la kanuni zake, nililoliandika kwa mkono wangu, linasema kwamba mtu hahesabiwi kuwa amepotea mpaka jina lake liandikwe kwenye Daftari la Waliopotea. Niliweka hivyo ili kuzuia watu kutafutana ovyo. Siku niliyoondoka niliacha daftari ndani ya mtoto wa meza ya ofisi, pamoja na muhuri, ili Gérard anayeshika nafasi yangu asipate taabu. Alichotakiwa kufanya ni kuandika jina moja. Hakuliandika. Alifika mpaka hapa, akaniona kwa macho, akanishika mkono, na bado hakuliandika!

Mtu aliyekabidhiwa majina ya waliopotea akayalalia ni mtu wa hatari, Mchungaji, kwa sababu mwenye jina huko aliko anahesabu Jumapili. Naomba Gérard avuliwe kazi hiyo mbele ya kanisa zima. Asimame, aulizwe kwa nini, wala asiruhusiwe kutaja barabara.

6. Kuhusu kurudishwa kwangu, masharti yangu ni ya kawaida. Pikipiki ziwe saba, yaani moja tu zaidi ya zile za mbuzi. Ngoma ziwepo. Kile kiti cha mbele chenye mto, karibu na nguzo, kipanguswe vumbi na kuachwa wazi kwa ajili yangu, na jina langu lisomwe pamoja na idadi ya siku nilizokaa juu ya paa.

Halafu nikakumbuka mahubiri yako ya kila mwaka kuhusu yule kondoo mmoja, kwamba wale wengine wote wanaachwa ili yeye afuatwe, nikaona nimedai kidogo. Sisi ni waumini mia mbili na kumi. Basi mia mbili na tisa waje Lusangi. Kama mmoja atabaki Kasongo kulinda majengo, ahesabiwe kuwa amepotea, na atafutwe wakati wa kurudi. Na ili idara isilale tena, napendekeza kila baada ya miezi mitatu muumini mmoja apotee kwa zamu, tukianza na baraza la wazee.

7. Lalamiko la mwisho ni fupi. Jumapili asubuhi nakaa juu ya gogo langu. Siku hizi naisikia pikipiki kabla haijapanda kilima, na kwa mlio wake najua kama itasimama au itapita. Zinapita. Naumia, Mchungaji. Hili sikuliandikia fungu lolote la kanuni.

Basi nangoja jibu lenu hapa hapa, wala sihami, ili msije mkasema mlikuja mkanikosa. Nisalimie mama mchungaji, wazee wote, akina mama wa umoja, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na yule mwenye ngazi. Nisalimie na Gérard, lakini yeye awe wa mwisho.

Wenu aliyepotea kwa mujibu wa kanuni,
Hippolyte, shemasi

Nyongeza: Abdallah alikwisha kuwasha pikipiki, nikafungua begi kutafuta bahasha. Chini ya mashati nimekuta daftari. Lile la waliopotea. Na muhuri upo. Siku ile nilikuwa na hasira, nami nikiwa na hasira nakusanya vitu bila kutazama. Kwa hiyo mtu wa namba tano ni mimi. Gérard asisimamishwe popote. Alikuwa akilitafuta daftari ili aniandike, na mimi nilikuwa nimelilalia kama mto.

Abdallah ameizima pikipiki tena, ananingoja.

Nimelifungua daftari ili angalau nijiandike mwenyewe. Jina la mwisho lililomo ni la miaka miwili iliyopita, kwa mwandiko wangu. Nalinakili lilivyo: "Nsimire, mjane. Alikuwa akikaa nyuma ya soko. Hajaonekana Jumapili nne. Inasemekana yuko machimbo ya Lusangi. Sababu ya kuacha kanisa: itaulizwa. Barabara mbaya. Atafuatwa juma lijalo." Jina hilo nililetewa na Mama Mado. Uso wa mjane huyo sikuujua, kwa kuwa sikwenda.

Nikalitamka kwa sauti ndogo. Mama Ushindi alikuwa amenipa mgongo, anasonga bugali. Akageuka.

Imenibidi nimwonyeshe. Kusoma hajui, nikakishika kidole chake nikakiweka juu ya jina. Nilitegemea atanitukana, na ningeshukuru. Alilifuata kwa kidole mpaka mwisho, akasema, "Kumbe muliandikaka jina yangu." Akafurahi, Mchungaji. Akalichukua daftari akaenda kuwaonyesha wachimbaji, mmoja mmoja, kwamba kanisa la Kasongo lilimwandika.

Barua siwezi kuiandika upya, karatasi imekwisha. Pikipiki saba zisije. Jumamosi Abdallah atatuleta sisi wawili, kama Mama Nsimire atakubali. Bado sijathubutu kumuuliza. Kile kiti cha mbele chenye mto ni chake. Mimi nitafungua madirisha.